Ramani ya Mabomba

Waliniita Jumanne, siku ya maji ya kaunti huku Dagoretti.
Yamefika getini, walisema, yamegoma kupanda bwenini.
Mlinzi hakunijua. Akaandika kitabuni:
fundi, begi moja, spana tano.
Sikumwambia kwamba mstari ule mweupe wa uwanja wa raga
niliwahi kuuchora kwa chokaa, peku, asubuhi ya Julai,
adhabu ya kusinzia misani.

Mwalimu mkuu, kijana, si padre,
alinipa kijitabu cha jubilei, karatasi inang'aa kama kikaango kipya.
Historia yetu yote imo humu, alisema.
Nikapokea kwa mikono miwili.
Kisha nikaenda nyuma ya kanisa kuchimba.

Chini kabisa liko bomba la chuma, inchi mbili,
la enzi za mabanda manne ya mbao na wavulana ishirini na wanane,
mbuzi wakichungulia dirishani kipindi cha aljebra.
Maji yalitoka kisimani kwa Teresia Wangeci,
jirani, muuza viazi,
aliyekataa kulipwa na akakataa pia kushukuriwa mimbarini.
Padre Zammit, Mmalta mfupi,
alitamka Kiswahili kama mtu atafunaye njugu zenye maganda.
Kijitabuni yumo, ukurasa wa pili. Kisima hakimo.

Juu yake, bomba la kijivu: miaka ya bweni la Ksaveri,
ya maabara yenye sinki sita na bomba moja litoalo maji.
Juu zaidi, plastiki ya harambee,
wazazi walipoleta saruji, kuku, na ahadi.
Hapa kona ya jikoni, kiungo kimeinama kidogo.
Hicho ni changu.

Kidato cha tatu nilirudishwa nyumbani kwa ada.
Bruda Oyugi alinikuta getini na sanduku langu la bati.
Akaniangalia viatu, akaniangalia mikono.
Ada ni pesa, alisema, lakini mtaro nao ni mtaro.
Likizo tatu nilishika tochi, yeye akishika spana.
Kaza mpaka mwisho, halafu mhurumie robo.
Sikupata alama za chuo kikuu.
Robo ile ndiyo imesomesha binti zangu.

Saa sita na nusu kengele ikalia
na shule nzima ikanyamaza, dakika tano, kama zamani:
kila mtu ajiulize asubuhi yake imekwenda wapi.
Yangu ilikuwa imekwenda shimoni, futi nne, udongo mwekundu,
magoti juu ya kijitabu cha jubilei
(Mungu anisamehe, matope yalikuwa baridi).
Nikaifikia valvu iliyokwama.
Nikaifuta kwa kidole gumba.
Kwenye shaba, kwa ncha ya msumari, mwandiko wa Bruda:
A.M.D.G.
Herufi tulizoandika juu ya kila ukurasa,
kwa utukufu mkuu wa Mungu,
na hapa, mahali ambapo hakuna mkaguzi angeinama.

Kivuli kikaangukia shimo. Mvulana wa kidato cha pili,
soksi moja juu, moja chini, karamu ya samosa mdomoni.
Akasoma. Akacheka.
Andazi Moja, Dengu Gorogoro!

Nilishika ukuta wa udongo nisianguke.
Huo utani tuliutunga sisi, mezani kwa Ksaveri,
mimi, na Kiplimo, na marehemu Wafula,
siku ya dengu za mawe.
Nani aliwapa? Nilimuuliza.
Akainua mabega: tuliukuta tu.

Nikakaza mpaka mwisho. Nikahurumia robo.
Bomba likakohoa, likatema kutu,
na huko juu, bwenini, mtu aliyeacha mfereji wazi
akapiga yowe.